Kutafsiri nahau si kuhesabu maneno

Mwanafunzi wa lugha ya kigeni aghalabu hujiona amefika pale anapoweza kufungua kamusi, akalitafuta neno na kulipata pamoja na maana yake. Furaha hiyo huwa haidumu. Siku anapokumbana na nahau, kamusi humtupa mkono. Maneno yote anayafahamu, sarufi haimtatizi, lakini maana imempiga chenga.

Ningependa tulichunguze tatizo hili kwa kutazama jinsi nahau za Kijerumani zinavyotafsiriwa kwa Kiingereza. Lugha hizi mbili ni za ukoo mmoja. Nyumba ni Haus kwa huyu na house kwa yule. Mkono ni hand kwa wote wawili. Mtu angedhani kwamba ndugu kama hawa hawapati taabu kuelewana. Fauka ya hayo, wapo vijana wetu wanaotahiniwa Kijerumani katika KCSE, na wengi wao hukifikia kwa kupitia mlango wa Kiingereza: mwalimu hueleza kwa Kiingereza, na kamusi iliyo mezani ni ya Kijerumani na Kiingereza. Kwa hiyo mtego unaowanasa watafsiri wa Ulaya huwanasa wao pia, tena mara mbili.

Tuanze na nahau zisizo na udhia. Mjerumani hukufua chuma kingali moto, na Mwingereza vivyo hivyo. Wote wawili wamekatazwa kuwatupia nguruwe lulu, kwa kuwa wote waliupata msemo huo katika Injili ya Mathayo. Hapa tafsiri ya neno kwa neno haidhuru, maana chimbuko ni moja.

Kundi la pili lina nahau ambazo maana yake ni moja ila vazi ni tofauti. Mjerumani aliyenunua kitu bila kukikagua husema amenunua paka ndani ya gunia, "die Katze im Sack kaufen". Mwingereza aliyefanya kosa hilohilo amenunua nguruwe ndani ya mfuko, "a pig in a poke". Mswahili, kwa upande wake, ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Wanyama ni watatu, na hasara ni ileile. Vilevile, anayekamilisha mambo mawili kwa tendo moja, Kijerumani humhesabia nzi wawili kwa pigo moja, ilhali Kiingereza humhesabia ndege wawili kwa jiwe moja. Anayekuza jambo dogo, kwa Mjerumani amemgeuza mbu akawa ndovu. Kwa Mwingereza amekigeuza kichuguu cha fuko kikawa mlima. Mjerumani anayemfanyia mwenzake mzaha humbeba mkononi, "auf den Arm nehmen". Mwingereza humvuta mguu.

Katika kundi hili mtafsiri hana budi kumwacha paka wa Mjerumani mpakani na kumchukua nguruwe wa Mwingereza. Akimng'ang'ania paka ati kwa sababu ndiye aliyeandikwa, atakuwa amemletea msomaji mnyama asiyekuwa na kazi. Msomaji atauliza paka huyu ametoka wapi, na wakati anapouliza hivyo, habari yenyewe imekwisha kumpita.

Kundi la tatu ndilo la hatari kuliko yote. Hizi ni nahau zinazofanana kwa sura na kuhitilafiana kwa maana. Mjerumani husema "Das ist nicht mein Bier", yaani hiyo si bia yangu, akimaanisha kwamba jambo hilo halimhusu. Mwanafunzi anayekumbuka kwamba Mwingereza husema jambo fulani si kikombe chake cha chai hudhani amepata kisawe: kinywaji kwa kinywaji. La hasha! Kikombe cha chai cha Mwingereza kinahusu mapendeleo. Ni jambo asilolipenda. Bia ya Mjerumani inahusu wajibu; ni jambo lisilo lake. Karani anayesema kazi fulani haimhusu na karani anayesema kazi hiyo haimpendezi hawajasema kitu kimoja, na mkuu wa ofisi hatawajibu kwa namna moja.

Jambo likimwonekania Mjerumani kuwa la Kihispania, "Das kommt mir spanisch vor", yeye amelitilia shaka; ananusa hila ndani yake. Mwingereza anaposema jambo ni Kiyunani kwake, hana shaka yoyote, hajaelewa tu. Shakespeare aliyatia maneno hayo katika kinywa cha Casca katika tamthilia ya Julius Caesar, na wengi wetu tuliyasoma shuleni. Ukitaka kumpelekea Mjerumani Kiyunani hicho, usimpe Kihispania. Mpe stesheni: "Ich verstehe nur Bahnhof", naelewa stesheni ya reli tu. Ama mpe vijiji vya Bohemia, kwani hivyo navyo kwake ni ishara ya mambo yasiyoeleweka.

Hata viungo vya jikoni vinaweza kumpotosha mtu. Mjerumani anayetoa maoni bila kuulizwa huongeza haradali yake. Mwingereza anayeipokea habari pamoja na chembe ya chumvi hajaiamini. Mswahili anayetia chumvi anapiga chuku. Mtafsiri anayeyabadilisha maneno haya kama mtu anayebadilisha fedha dukani atakuwa amemfanya mdaku kuwa mwongo, na mwongo kuwa mwenye hadhari.

Kundi la nne ni la nahau zisizo na mwenzake upande wa pili. Mjerumani aliyeponea chupuchupu husema amekuwa na nguruwe, "Schwein gehabt". Kiingereza hakina mnyama wa kazi hiyo. Mtafsiri mwenye busara ataandika tu kwamba mtu huyo alibahatika. Sisi nasi tungesema ana nyota ya jaha. Kumtafutia nguruwe nafasi katika sentensi ya Kiingereza ni kujisumbua bure.

Katika kundi hili pia tunaikuta dua ya ajabu ambayo Mjerumani humwombea anayekwenda kufanya mtihani: "Hals- und Beinbruch", yaani uvunjike shingo na mguu. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba msemo huu ulitokana na Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya. Wayahudi walitakiana "hatslokhe un brokhe", ufanisi na baraka, maneno ambayo asili yake ni Kiebrania. Yalipofika katika masikio ya Wajerumani yakageuka kuwa shingo na mguu. Ikiwa maelezo hayo ni sahihi, basi neno la pili ni ndugu wa baraka yetu sisi, kwani Kiebrania na Kiarabu ni lugha za ukoo mmoja. Kiingereza kina "break a leg", lakini hiyo ni dua ya mwigizaji anayepanda jukwaani. Mwambie maneno hayo mpanda milima wa Kiingereza anayefunga kamba zake, huenda akadhani umemlaani.

Kuna jambo la tano ambalo walimu wengi hulisahau: daraja ya usemi. "Ins Gras beißen", kung'ata nyasi, ni kufa. "Den Löffel abgeben", kukabidhi kijiko, pia ni kufa. Kiingereza kina mavumbi yanayong'atwa na ndoo inayopigwa teke. Kwa maana tu, visawe hivyo vinafaa. Lakini hakuna Mjerumani mwenye adabu atakayeandika katika barua ya rambirambi kwamba marehemu amekabidhi kijiko. Sisi tunalielewa hilo bila kufundishwa. Mtu amefariki, ameaga dunia, amekata kamba: kifo ni kimoja, lakini anayekwenda matangani akawaambia wafiwa kwamba baba yao amekata kamba hatapewa kiti. Mtafsiri anayetafuta maana na kuisahau heshima amefanya nusu ya kazi.

Mjadala huu si mpya. Martin Luther, aliyeitafsiri Biblia kwa Kijerumani, Agano Jipya mwaka 1522 na Biblia nzima mwaka 1534, alishambuliwa na wapinzani kwamba aliyaacha maneno ya asili. Aliwajibu kwa waraka mnamo 1530. Hoja yake ilikuwa kwamba mtafsiri hapaswi kuziuliza herufi za Kilatini jinsi ya kusema Kijerumani; amwulize mama nyumbani, watoto njiani na mtu wa kawaida sokoni, asikilize wanavyosema, kisha atafsiri. Alitoa mfano wa maneno ya Injili kuhusu kinywa kunena kutokana na wingi wa moyo. Alisema hakuna Mjerumani azungumzaye hivyo. Mjerumani husema kile kilichoujaza moyo hufurika mdomoni. Akaandika hivyo, na watu wakamwelewa.

Hata hivyo, haki inatudai tuusikilize upande wa pili. Watafsiri wa Kiingereza, katika Biblia iliyotolewa mwaka 1611, waliubakiza wingi wa moyo kama ulivyokuwa, na Waingereza wakauzoea hadi ukawa wao. Mwaka 1813, Friedrich Schleiermacher aliwahutubia wanachuo wenzake mjini Berlin, akasema mtafsiri ana njia mbili. Ama amwache mwandishi alipo na kumpeleka msomaji kwake, ama amwache msomaji alipo na kumleta mwandishi. Yeye aliipendelea njia ya kwanza. Aliona kwamba lugha hutajirika inapowakaribisha wageni bila kuwavua mavazi yao.

Kiingereza kimetajirika kwa njia hiyo. Msemo wa kumtupa mtoto pamoja na maji ya kuogea ulikuwa wa Kijerumani. Mtawa Thomas Murner aliuandika katika kitabu chake cha kuwakejeli wapumbavu, kilichotoka mwaka 1512, na picha ya mchoro wa mbao ikamwonyesha mama akimwaga beseni na mtoto ndani yake. Aliyeueneza katika Kiingereza ni Thomas Carlyle, akiutaja waziwazi kuwa msemo wa Wajerumani, katika insha yake kuhusu watu weusi wa visiwa vya Karibi ambayo ilitoka mara ya kwanza mwaka 1849. Maji machafu yaliyotajwa humo yalikuwa maovu ya utumwa. Mtoto aliyetaka asitupwe ni kitu ambacho yeye alikiona cha thamani katika utumwa wenyewe! John Stuart Mill alimjibu vikali mwaka 1850. Leo msemo huo unatumiwa na kila mtu, hata na wazao wa wale waliodhalilishwa na insha hiyo, na wachache wanajua ulivukia wapi. Nahau hubeba historia. Haibebi maana peke yake.

Pengine msomaji atauliza: Je, haya yote si mchezo wa wasomi wasio na shughuli? Nitamjibu kwa mfano ambao hauna mchezo.

Kuanzia Novemba 1945 hadi Oktoba 1946, viongozi wa utawala wa Wanazi walishtakiwa mjini Nuremberg. Kesi iliendeshwa kwa lugha nne: Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kijerumani. Wakalimani walitafsiri papo kwa papo, na mezani palikuwa na taa: ya manjano ikimtaka msemaji apunguze kasi, nyekundu ikimtaka anyamaze. Kijerumani aghalabu huweka kitenzi mwishoni mwa sentensi. Mkalimani alilazimika kungoja asijue kama mshtakiwa anakiri au anakana.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa ya tasfida. Nyaraka za Wanazi zilijaa neno "Sonderbehandlung". Litafsiri sehemu kwa sehemu, nawe utapata "uangalizi maalumu" au "huduma maalumu", kana kwamba unazungumzia mgonjwa wa wadi ya kulipia. Katika nyaraka za polisi wa Hitler neno hilo lilimaanisha kuua. Tafsiri ya neno kwa neno haikuwa na kosa hata moja la kamusi, na ilificha mauaji. Ernst Kaltenbrunner, mkuu wa ofisi iliyosimamia polisi hao, alipohojiwa mwaka 1946 kuhusu "huduma maalumu" ya watu fulani, alidai kwamba hao walikaa katika hoteli za kifahari na kupewa mvinyo wa shampeni. Aliegemea maana ya juujuu ya maneno. Mahakama ilizitazama nyaraka, ikazipima kwa matendo, na mwishowe alihukumiwa kifo. Hapo panatuonyesha kwamba kuijua nahau ni kuijua desturi ya watu wanaoitumia, na hata hila zao.

Upande wa pili wa shilingi ni heshima ya mtu. Malkia Elizabeth wa Pili alipoizuru Ujerumani Magharibi mwaka 1965, ilivuma habari kwamba Rais Heinrich Lübke alimgeukia na kumwambia kwa Kiingereza, "Equal goes it loose". Hiyo ni tafsiri ya neno kwa neno ya usemi wa Kijerumani unaomaanisha "kitaanza sasa hivi". Wajerumani walicheka kwa miaka mingi. Baadaye ilifichuliwa kwamba kichekesho hicho kilitungwa na waandishi wa jarida la Der Spiegel. Rais hakuyasema maneno hayo. Lakini sifa ilikuwa imekwisha kuharibika. Tafsiri mbaya humfanya mwenye akili aonekane juha, hata pale anaposingiziwa.

Tukirudi kwetu, tusijione wageni katika mjadala huu. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliandika kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa London mwaka 1882, na maana akazieleza kwa Kiingereza. Mjerumani huyo alimweleza Mwingereza maneno ya Mswahili: lugha tatu katika kichwa kimoja. Na Kijerumani chenyewe kilituachia shule na hela, maneno tunayoyatumia kila siku bila kukumbuka yalikotoka.

Hata hivyo, darasani bado tunamfundisha kijana wetu kana kwamba Kiswahili hakimo. Akiulizwa "die Katze im Sack kaufen" ni nini, anaelekezwa kwa nguruwe wa Mwingereza. Kijana wa Garissa au wa Kakamega ambaye nahau hiyo ya Kiingereza hajawahi kuisikia anakariri fumbo la pili ili kulifumbua la kwanza. Kwa nini paka wa Mjerumani apitie kwa nguruwe wa Mwingereza ndipo amfikie mbuzi wetu? Mwambie mwanafunzi "kuuziwa mbuzi kwenye gunia", naye ameelewa kwa pumzi moja. Kiingereza atakijifunza kwa njia yake, lakini kisiwe forodha ambapo kila maana lazima ilipiwe ushuru.

Nawapendekezea walimu mambo manne. Mosi, nahau isifundishwe kama orodha ya maneno. Ifundishwe pamoja na tukio. Mwulize mwanafunzi kwanza ni nani anayesema, anamwambia nani, na ana ghadhabu au anatania. Pili, mwanafunzi atafute usemi wa Kiswahili unaokaa mahali palepale. Akiupata, autumie, akiukosa, aeleze maana kwa maneno ya kawaida bila haya. Tatu, mtahini asimnyime alama mwanafunzi aliyemwacha paka mpakani. Aliyeleta mbuzi ametafsiri. Aliyeleta paka amenakili. Nne, kila kisawe kipimwe kwa mizani ya adabu kabla ya kukubaliwa.

Tusidanganywe na wepesi wa vyombo vya kisasa. Programu za kutafsiri zilizo katika simu na intaneti zinazijua nahau nyingi mashuhuri, na mara nyingi husaidia. Lakini Mjerumani anaposema "Er hat einen Vogel", huenda akamaanisha kwamba fulani ana wazimu, na huenda akamaanisha kwamba fulani anafuga ndege. Anayejua lipi ni lipi ni yule aliyeifuatilia hadithi tangu mwanzo. Na tafsiri ikienda mrama, anayeaibika si programu, bali ni aliyeiweka sahihi yake chini ya karatasi.

Uzembe huohuo umekwisha kuingia katika Kiswahili chenyewe. Kila siku tunawasikia watangazaji wakisema "mwisho wa siku" wanapomaanisha "hatimaye", hata kama wanazungumza asubuhi. Siwalaumu kwa kukopa, maana kila lugha hukopa. Nawalaumu kwa kukopa wakati ghala letu limejaa.

Nimalizie kwa kumkumbuka mwalimu mmoja wa shule. Karl Friedrich Wilhelm Wander alifundisha katika jimbo la Silesia, akapoteza kazi kwa sababu ya misimamo yake ya kisiasa baada ya mapinduzi ya mwaka 1848. Hakukaa kitako kulia. Alikusanya methali na misemo ya Wajerumani hadi ikafika takriban 250,000, akaipanga katika kamusi ya juzuu tano zilizotoka kati ya 1867 na 1880. Juzuu ya mwisho ilitoka baada ya kifo chake. Kila mtafsiri wa Kijerumani hadi leo anakula jasho la mwalimu huyo.

Walimu wetu wako Lamu, Vanga, Taveta na Malindi, miongoni mwa wazee ambao nahau ziko ndimini mwao kila alasiri barazani. Kalamu wanazo, madaftari wanayo, na wanafunzi wa kuwatuma kwa babu na bibi zao wamejaa madarasani. Kinachosubiriwa ni kuanza, kabla wenye maneno hayajatuaga.